Mihadhara ya siasa vyuoni: Kiini ni swali la msikilizaji

MIHADHARA ya umma na semina ni shughuli za kawaida katika idara za sayansi ya siasa za vyuo vikuu, lakini wananchi wengi huziona kuwa mambo ya wasomi peke yao.

Shughuli hizi hutofautiana. Semina huwakutanisha wahadhiri na wanafunzi wachache. Mtafiti huwasilisha makala ambayo bado hajaichapisha, nao wenzake huikosoa ili arekebishe kasoro mapema.

Mhadhara wa umma huwa wazi kwa watu wa nje pia. Mgeni, awe balozi, mwanasiasa au msomi, huzungumza kwa muda aliopewa, kisha mwenyekiti hukaribisha maswali kutoka ukumbini. Mdahalo nao huwakabilisha wasemaji wenye misimamo inayokinzana.

Kinachoutenga mhadhara na mkutano wa kampeni ni kipindi hicho cha maswali. Katika mkutano wa hadhara, mwanasiasa husema yake, akashangiliwa na kwenda zake. Chuoni hudaiwa ushahidi, na anayeudai huenda akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kina mfano mwema. Katika miaka ya 1960, idara yake ya sayansi ya siasa iliongozwa na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Mnamo 1970 alikabiliana katika mdahalo chuoni humo na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam.

Rodney alishikilia kwamba ubepari wa kigeni ndio uliolidumaza bara la Afrika. Mazrui, kwa upande wake, alitilia shaka imani kwamba mafundisho ya Karl Marx yangetosha kuyaeleza matatizo ya Waafrika. Hakuna aliyelazimika kumkubali mwenzake. Hukumu iliachiwa wasikilizaji.

Hata hivyo, si kila serikali iliyovumilia mazungumzo ya aina hiyo. Mnamo Januari 1969, serikali ya Kenya ilimzuia Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, kuwahutubia wanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi.

Wanafunzi waligoma kuingia madarasani na chuo kikafungwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri katika idara ya Kiingereza, alijiuzulu kwa kupinga hatua hiyo. Hotuba ambayo ingemalizika kwa saa chache ikawa mgogoro mkubwa. Laiti Jaramogi angeachwa azungumze, waliompinga wangepata nafasi ya kumuuliza maswali mbele ya watu.

Hali ilizidi kuwa mbaya mwaka wa 1982, wahadhiri kadhaa walipotiwa kizuizini na wengine wakakimbilia ng'ambo. Wakati huo, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa pia Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Desturi hiyo ilikoma chuoni humo mwaka wa 2003, Rais Mwai Kibaki alipomteua mtu mwingine kushika wadhifa huo.

Kisheria, mambo yamebadilika. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, na kinautaja waziwazi uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Hata hivyo, uhuru huo haujumuishi uchochezi wa fujo wala matamshi ya chuki.

Lakini sheria pekee haiwezi kuufanya mhadhara uwe na manufaa. Mwanasiasa akija na wafuasi wa kumpigia makofi, na mwenyekiti akadai kuwa muda wa maswali umekwisha, ukumbi wa chuo huwa hauna tofauti na uwanja wa kampeni.

Kikwazo kingine ni lugha. Mingi ya mihadhara hii nchini hutolewa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkulima au mchuuzi aliye na swali kuhusu ushuru au ugatuzi huenda akalimeza kwa kuogopa kuchekwa.

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha nyingi. Idara zinaweza kutangaza mihadhara mapema, kutenga muda wa kutosha wa maswali na kuruhusu yaulizwe kwa Kiswahili. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Raia anayezoea kumuuliza msomi ushahidi hatashindwa kumuuliza mbunge wake.