Pombe Haimalizi Msongo wa Kazi

Muuguzi anayehudumia wadi nzima usiku, dereva wa matatu anayesaka hesabu ya mwenye gari, karani ambaye mafaili yake hayaishi mezani: kila mmoja hubeba mzigo unaomfuata hadi nyumbani. Kuna wanaopitia baa kwanza, wakiamini chupa mbili tatu zitawatuliza.

Kwa muda mfupi huwa hivyo, kwa sababu pombe hupunguza kasi ya ubongo. Shida huja baadaye. Pombe humfanya mtu apate usingizi haraka, kisha huuvuruga usingizi huo kuelekea alfajiri. Anaamka amechoka, na kazi ya jana inamsubiri pale pale. Anachelewa, anakosea, anakaripiwa. Msongo unaongezeka, na jioni anarudi kwenye chupa.

Wengine hudhani kuwa kulala kunatosha kuondoa pombe mwilini. Ini huhitaji takriban saa mbili kumaliza pombe iliyo katika chupa moja ya bia ya mililita 500. Aliyeanza kunywa saa moja jioni na kumaliza chupa sita huenda bado ana pombe mwilini saa moja asubuhi, anaposhika usukani au kumpimia mgonjwa dawa. Kahawa, supu au kuoga maji baridi hakuharakishi kazi ya ini.

Ajira nayo huwa hatarini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kumfuta kazi papo hapo mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kuifanya ipasavyo. Kabla ya hapo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze sababu na kumsikiliza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Ni heri kuchukua hatua mapema. Msimamizi anayeona mtu wake akikosa kazi kila Jumatatu, akinuka pombe au akirudia makosa, azungumze naye faraghani, na asimruhusu kuendesha gari wala mashine akiwa katika hali hiyo. Achunguze pia zamu zenyewe: je, mtu huyo amepata siku zake za mapumziko? Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka.

Mfanyakazi anayehisi kuwa hawezi kumaliza siku bila kunywa anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA, au kumwona mhudumu wa afya katika hospitali iliyo karibu. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila ushauri wa daktari. Kutetemeka, kuweweseka na kifafa vinaweza kufuata, na hali hiyo yaweza kuua.

Familia nazo zina nafasi yao. Swali la upole kuhusu kilichotokea kazini laweza kumfanya mtu aseme kinachomlemea kabla hajatafuta chupa nyingine.