Istilahi za Mikanda ya Kufungia Magari na Shehena

Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu chombo ambacho kwa macho ni duni kabisa, nacho ni mkanda wa kufungia gari au shehena juu ya lori. Sababu ya kukiteua ni kijikaratasi cha maelezo kilicholetwa mezani petu na mfasiri mmoja, ambaye alitaka tukikague kabla hakijapigwa chapa. Mkanda wenyewe una upana wa milimita 50, wa aina inayouzwa katika nchi nyingi. Katika lebo yake ya asili mna namba mbili, kilo 4,536 na kilo 1,512. Rasimu ya Kiswahili iliziandika namba hizo katika mstari mmoja, ya kwanza ikaitwa "uwezo wa juu" na ya pili "uwezo wa kawaida". Kisarufi maneno hayo hayana kasoro. Lakini utingo atakayeyasoma atafahamu kwamba mkanda huu huhimili kilo 1,512 siku zote, na kwamba siku ya haja waweza kutwishwa kilo 4,536. Kumbe namba ile ya kwanza si uwezo hata kidogo. Ni kiasi cha nguvu ambacho mkanda mpya ukivutwa kwacho katika mashine ya majaribio hukatika.

Namba ya pili ni thuluthi moja ya ile ya kwanza, na uwiano huo haukutokea kwa bahati. Watengenezaji wa Marekani wana desturi ya kugawa kwa tatu nguvu inayoukata mkanda, na kile wanachopata ndicho wanachomruhusu mtumiaji akitegemee. Thuluthi mbili zilizobaki si zawadi kwa mwenye lori. Ni akiba ya mishtuko ya barabarani, ya jua linalodhoofisha nyuzi, ya mikwaruzo, na ya uchakavu usioonekana kwa jicho. Mtu aliyekwisha kuitumia akiba hiyo wakati wa kupakia, hana tena kitu cha kumwokoa pindi breki zikipigwa ghafla katika mteremko wa Kitonga.

Kwa namba ya kwanza tunapendekeza istilahi "nguvu ya kukatikia". Kitenzi "katika" kikiingizwa kiambishi cha utendea hupata maana ya mahali au kiwango ambapo tendo hutokea, kama vile tusemavyo "mlango wa kuingilia". Aidha, istilahi hii inalitaja balaa lenyewe kwa jina, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Hakuna dereva atakayesoma "nguvu ya kukatikia" akadhani ameruhusiwa kuifikia. Kwa namba ya pili, ambayo katika lebo za Kimarekani hutanguliwa na herufi WLL, twapendekeza "kikomo cha kazi". Neno "uwezo" tumeliacha kwa makusudi katika istilahi zote mbili, maana huvuta upande wowote linakopelekwa.

Walimu wa fizikia watauliza kwa nini hatukusema "kani", maadam neno hilo limekwisha kukubalika katika vitabu vya shule. Swali ni la haki. Kitabuni tungeandika "kani ya kukatikia" bila kusita. Lakini lebo haisomwi darasani. Husomwa na mtu aliyesimama juani, mkanda mkononi, na kwa mtu huyo "nguvu" ni neno lisilohitaji mwalimu. Istilahi yafaa imfuate msomaji wake, na hatuoni ubaya wowote wa vitabu na lebo kutofautiana katika neno hili moja.

Sasa tuligeukie jina la chombo chenyewe. Maneno yaliyoshindana ni "kamba", "mshipi", "ukanda", "mkanda" na, kwa namna ya kushangaza kidogo, "shupatu". Kamba huondoka mapema, kwa kuwa ni kitu cha mviringo kilichosokotwa, hali chombo chetu ni bapa na kimefumwa. Mshipi ni neno zuri la pwani, ila mvuvi akilisikia hukumbuka uzi wa kuvulia. Ukanda umekwisha kuchukuliwa na wanajiografia kwa maana ya eneo. Shupatu, yaani ule utepe wa ukindu uliosukwa, ambao huwambiwa vitanda na kushonwa mikeka, hakika ndiyo dhana iliyo karibu zaidi na utepe wa nyuzi za viwandani uliofumwa bapa. Tulilipenda neno hili. Walakini asiyekulia pwani halifahamu, na aliyekulia pwani hataki kusadiki kwamba shupatu laweza kuzuia gari. Kwa hiyo "mkanda" umeshinda, pamoja na kuwa tayari una kazi nyingi, kuanzia suruali hadi feni ya injini. Kuutofautisha twasema "mkanda wa shehena". Kama kuna atakayesema kwamba gari si shehena, ajibiwe kwamba gari likishapandishwa juu ya gari jingine limekwisha kuwa shehena. Utepe wenyewe, kabla haujatiwa vyuma, na uitwe "utepe" tu.

Vyuma vya mkanda havina taabu kubwa. Cha mwisho kinachonasa ni "kulabu". Kile cha kukazia ni "kikazio", kutokana na kitenzi "kazia", nacho ni cha namna mbili. Kipo kikazio cha meno, chenye mtaimbo mfupi ambao mtu huuvuta na kuurudisha, huku komeo likidondokea kati ya meno na kuuzuia mhimili usirudi nyuma. Na kipo kikazio cha bizimu, ambacho mtu huvuta utepe kwa mkono, na ulimi wenye meno madogo ukaung'ata. Cha pili hukaza kwa kadiri ya mkono wa mtu tu, hivyo hufaa vitu vyepesi.

Mfasiri wa lebo za Ulaya atakutana na herufi nyingine. Kiwango cha Ulaya nambari EN 12195-2, kinachohusu mikanda ya nyuzi za viwandani, hakitumii kilo bali daN, yaani Newton kumi, ambayo ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Alama ya daN isifasiriwe. Iachwe kama ilivyo. Kikomo cha kazi katika kiwango hicho hutajwa kwa herufi LC, na mkanda uliokamilika hutakiwa kustahimili walau mara mbili ya kikomo hicho. Msomaji ataona kwamba hapa akiba ni mara mbili, na kule Marekani ni mara tatu. Kwa hiyo mtu aliyepewa nguvu ya kukatikia peke yake hawezi kukisia kikomo cha kazi pasipo kujua mkanda umefuata kawaida ya wapi. Kwa mfasiri hii ni sababu ya kutoacha namba hata moja.

Chini ya LC huwapo STF, na hapa ndipo penye mtego mkubwa kupita wote. STF ni mkazo unaosalia katika mkanda baada ya mtu kuuvuta mtaimbo wa kikazio kwa nguvu ya mkono ya daN 50 na kuuachia. Sisi twapendekeza "mkazo wa kikazio". Ili umuhimu wa istilahi hii uonekane, hatuna budi kueleza kwamba shehena hufungwa kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza mkanda hutoka katika pete ya lori na kunasa moja kwa moja katika shehena, ukaizuia isiondoke kama mbuzi afungwavyo kwenye kigingi. Hiyo tunaiita "ufungaji wa kuzuia". Njia ya pili mkanda hupita juu ya shehena kutoka ubavu mmoja hadi wa pili na kuikandamiza sakafuni, na kinachoizuia shehena isiteleze si mkanda, ni msuguano wa kitako chake na sakafu. Huo ni "ufungaji wa kukandamiza". Katika ufungaji wa kuzuia namba ya kutazamwa ni kikomo cha kazi. Katika ufungaji wa kukandamiza namba hiyo haisaidii kitu. Kinachohesabiwa ni mkazo wa kikazio.

Tuchukue mkanda wenye LC ya daN 2,500 na STF ya daN 350. Umepitishwa juu ya kasha la kilo 2,000, na kila upande umeshuka wima. Pande mbili pamoja zinakandamiza kwa daN 700. Tuseme msuguano wa kasha na sakafu ni 0.4; basi mkanda huo umeongeza uzuiaji wa daN 280 tu. Kanuni za Ulaya na za Marekani hutaka shehena izuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, na 0.5 kwa ubavuni na nyuma. Kwa kasha letu, mbele ni daN 1,600 hivi. Msuguano wa kasha lenyewe hutoa 800, zinabaki 800 za kutafutiwa mikanda. Itahitajika mikanda mitatu, na hapo hatujaongeza akiba yoyote. Ikiwa kasha ni fupi na mikanda imelala hata ikafanya pembe ya nyuzi 30 na sakafu, nguvu ya kukandamiza hupungua nusu, na mikanda inayotakiwa inakuwa sita. Dereva aliyesoma "uwezo: kilo 2,500" atafunga mmoja na kuondoka kwa moyo mkunjufu.

Magari yanayobebwa kwa kawaida hufungwa kwa njia ya kuzuia. Kanuni za Marekani huagiza kwamba gari lisilozidi kilo 4,536 lifungwe mbele na nyuma kwa viungo visivyopungua viwili. Mkanda unaweza kunaswa kwenye chesisi, au kupitishwa juu ya tairi. Tunazitofautisha kwa "mkanda wa chesisi" na "mkanda wa tairi", na tofauti hii si ya jina tu: gari lililofungwa kwa chesisi hucheza juu ya springi zake, na kila linapodidimia mkanda hulegea; lililofungwa kwa tairi huachiwa springi zake zicheze, na mkanda ukabaki umekaza.

Kuhusu nyuzi, lebo hutoa msaada kwa rangi yake, hata kwa asiyesoma. Katika kiwango cha Ulaya lebo ya buluu ni poliesta, ya kijani ni poliamidi, ambayo wengi huiita nailoni, na ya kahawia ni polipropilini. Nailoni hurefuka zaidi inapovutwa, na hunywa maji. Poliesta hurefuka kidogo, ndiyo maana hupendwa kwa kufungia. Tabia hii ya kurefuka na kurudi tuiite "mnyumbuko". Tunawasihi wapiga chapa wasiandike "mnyambuliko", maana huo ni wa vitenzi.

Limebaki jambo la maonyo. Rasimu tuliyoletewa ilijaa maneno kama "inashauriwa kwamba mkanda usipitishwe juu ya kingo kali". Kauli ya kutendwa ina adabu yake katika barua za ofisini, lakini katika onyo haijulikani nani anaambiwa. Tumeiandika upya hivi: "Usipitishe mkanda juu ya ukingo mkali bila kuuwekea kinga. Usiufunge fundo. Usiutumie mkanda uliochanika au usio na lebo." Onyo la kukagua njiani nalo liwe la amri. Kanuni za Marekani humtaka dereva akague vifungo vyake ndani ya maili 50 za kwanza, ambazo ni kilomita 80 hivi, kwa kuwa shehena hukaa na mikanda hulegea mara tu safari inapoanza. Rasimu ilisema "ukaguzi ufanyike mapema". Sisi tumeandika: "Kabla hujapita kilomita 80, simama, kagua, kaza tena."