Tumsaidie Mtoto Apige Mpira Vizuri

Besiboli, mchezo wa kupiga kwa rungu mpira unaorushwa, umekwisha kufika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Nasi wa Hamugembe, kijana wetu akiupenda mchezo huu, tumsaidieje?

Kosa la wengi ni kupiga kwa nguvu za mikono peke yake. Sisi tunaofyeka nyasi tunajua: anayetumia mikono tu huchoka upesi, lakini anayezungusha kiuno humaliza uwanja. Basi mtoto apanue miguu, akunje magoti kidogo, apige hatua fupi mbele, azungushe kiuno kwanza, ndipo mikono ifuate. Macho yasiuache mpira.

Tumrekebishe jambo moja kwa siku. Aanze na mpira uliotulia juu ya kigingi kinachomfikia kiunoni, na wadogo zake wakae mbali.

Sisi wauguzi tunaongeza neno: mifupa yake bado inakua. Bega, kiwiko au mgongo ukiuma, apumzike. Maumivu yakiendelea, tumpeleke zahanati.

Wala tusimkemee akikosa. Hata wapigaji hodari hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Mtoto mwenye hofu hukaza mabega, na mabega yaliyokazwa hayapigi vizuri. Aliyetiwa moyo atarudi kesho kujaribu tena.