Kuimba ni Kuitawala Pumzi

Imani iliyoenea kwamba kuimba hupanua mapafu haina uzito mkubwa, kwa kuwa ukubwa wa mapafu ya mtu mzima hutegemea zaidi kimo, umri na jinsia yake kuliko mazoezi ya sauti. Kinachobadilika kwa mwimbaji aliyefunzwa ni namna anavyoitumia hewa aliyokwisha kuivuta, na humo ndimo zinamotoka faida nyingi za kuimba.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Anapoimba, mpangilio huo hubadilika: hewa huvutwa upesi, kisha hutolewa polepole na kwa kipimo hadi mstari wa wimbo uishe. Kazi hiyo huongozwa na diaframu, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao hushuka hewa inapoingia na kupanda inapotoka, ukisaidiana na misuli ya mbavu na ya tumbo. Hewa inayopanda hupita katika zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, ikazitikisa. Ikija kwa nguvu kupita kiasi nyuzi hizo hugongana na sauti hukwaruza, na ikija haba sauti hufifia na kuyumba. Mwimbaji anayeinua mabega kila anapovuta hewa hujinyima nguvu zake mwenyewe, maana hukaza shingo, mahali panapotakiwa kulegea.

Huko Igurwa na katika nchi nzima ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, ustadi wa pumzi ulikuwapo kabla ya kwaya za makanisa. Wanyambo, wenyeji wa huko, kama jirani zao Wahaya, wana ebyebugo, yaani majigambo ambayo zamani shujaa aliyatamba mbele ya mtawala wake, na ambayo Yunus Rubanza aliyaandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1994. Mtambaji huyamimina maneno kwa kasi, husimama mwishoni mwa fungu ili wasikilizaji waitikie, na hapo ndipo hujipatia hewa. Akiishiwa pumzi katikati ya fungu, sifa zake hupoa kabla hazijawafikia watu. Mwimbaji wa enanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa, ana mtihani mwingine, kwa kuwa tendi za ala hiyo, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi amezichunguza kwa kina miongoni mwa Wahaya, ni ndefu, na anayezighani hana budi kuigawa pumzi yake ili imfikishe mwisho wa kisa. Mafundi wa namna hii wangestahili kualikwa kwenye mazoezi ya kwaya, ambazo leo ndizo shule kubwa za sauti katika eneo hilo, ziwe za Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) iliyoanzishwa mwaka 1979 au za Jimbo Katoliki la Kayanga lililoundwa mwaka 2008.

Sayansi nayo imeitazama pumzi hiyo ndefu. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya, ukaonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulipunguza kupumua hadi karibu mara 6 kwa dakika na kuboresha uwezo wa mwili wa kurekebisha shinikizo la damu. Utafiti huo ulihusu sala, si wimbo, lakini kiini ni kilekile: maneno yaliyopangwa humlazimisha msemaji kurefusha pumzi. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima vijana walioimba pamoja, wakaona mapigo ya mioyo yao yakienda mbio kwa pamoja na kutulia kwa pamoja, kwa sababu wimbo uliwapangia wote mahali pa kupumua. Huko Uingereza, English National Opera na madaktari wa London walianzisha mwaka 2020 mafunzo ya pumzi na bembelezi kwa watu waliobaki na taabu ya kupumua baada ya UVIKO-19, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha nafuu hasa katika hali ya akili. Huo ni msaada kwa mgonjwa, wala hauchukui nafasi ya dawa. Mama ambaye kifua chake kimechoshwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi anahitaji daktari kwanza, kwaya baadaye.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Mwimbaji husimama wima, mabega yakiwa yametulia, huweka mikono kwenye mbavu za chini na kuvuta hewa kimyakimya hadi mbavu zitanuke, kisha huitoa kwa mlio wa "sss" usiopanda wala kushuka, akiongeza muda kidogo kidogo siku hadi siku. Baada ya hapo huvumisha sauti midomo ikiwa imefungwa, kwa noti zisizo za juu, ndipo aingie kwenye wimbo. Walimu wa kwaya wanaombwa kutenga dakika 10 za mwanzo kwa kazi hii kabla ya solfa, kupunguza sauti ya kinanda na vipaza sauti ili waimbaji wasilazimike kupiga kelele, na kumpeleka hospitali mwimbaji yeyote ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki 3.