Choo si haki ya mwenye hati pekee

Mvua za El Nino zilipofurisha Mto Tana mwishoni mwa 2023, vyoo vya shimo vilijaa na uchafu ukaingia katika maji ambayo watu huchota. Mwaka 2024 ulipoanza, kaunti ilikuwa bado ikipambana na kipindupindu.

Je, mkazi wa mtaa usiopimwa mjini Garsen, au wa kambi ya waliohamishwa na mafuriko, anaweza kudai huduma ya usafi bila hati ya ardhi? Ndiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa na maji safi ya kutosha. Kinasema kila mtu, si kila mwenye ploti. Jedwali la Nne nalo linazipa kaunti kazi ya kutoa huduma za maji na usafi.

Hata hivyo, usawa si kila mtaa kupewa choo cha aina moja. Katika delta maji ya chini ya ardhi yako karibu, na udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo kuta za shimo huporomoka. Panapofurika hufaa choo kilichoinuliwa, au tangi lililozibwa ambalo hunyonywa likijaa. Gharama yake ni kubwa zaidi, na gari la kunyonya linahitaji njia ya kupita. Ukigawa fedha sawasawa bila kujali hilo, wa bondeni atabaki na choo cha msimu mmoja, na wanawake watazidi kungoja giza ndipo waende vichakani.

Suala la hati limewahi kutatuliwa kwingine. Mwezi Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliutangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, na huduma zikapangwa pamoja na wakazi, wengi wao wapangaji wasio na hati.

Mpangaji ana njia nyingine pia. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nyumba isiyo na choo cha kutosha ni kero, na afisa wa afya anaweza kumwagiza mwenye nyumba arekebishe.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Maoni hukusanywa mapema katika vikao vya wadi, na mpangaji ana nafasi ya kuzungumza sawa na mwenye ploti.