Mavazi ya Kuogelea ya Wanawake wa Zamani

Hapa Chimala sisi wasichana huingia mtoni na kanga, nayo ikilowa hunasa miguu. Nilidhani wanawake wa Ulaya hawakupata taabu hiyo; kumbe sivyo. Katika karne ya 18 wanawake wa Uingereza waliingia baharini na magauni marefu, wengine wakishona vipande vya madini ya risasi katika pindo ili gauni lisielee. Karne ya 19 walivaa gauni na suruali za sufu, nzito mno zikilowa. Mwili ulisitirika, lakini kuogelea kulikuwa kugumu.

Kuanzia mwaka 2011, huko Nungwi, Unguja, wasichana walifundishwa kuogelea wakivaa nguo nyepesi zinazofunika mwili wote. Basi, wenzangu, heshima na uhai vyaweza kwenda pamoja. Tujifunze, maana mto haujui haya.