Jinsi ya kusoma umri wa bastola ya enzi ya ukoloni

BASTOLA kongwe inapozuka katika sanduku la marehemu babu, familia huuliza kwanza thamani yake, kisha ilikotoka. Majibu huwa tayari: ilikuwa ya mlowezi fulani aliyekimbia shamba, au babu alirudi nayo kutoka vitani alikotumikia kikosi cha King's African Rifles (KAR).

Huenda ni kweli, huenda si kweli. La muhimu ni kwamba chuma chenyewe kinaweza kuulizwa. Bastola ya silinda, ile ambayo risasi zake hukaa katika kipande cha mviringo kinachozunguka, huwa na chapa chungu nzima, na nyingi kati ya hizo hudokeza tarehe.

Kabla ya yote, silaha ya aina hiyo ichukuliwe kuwa ina risasi hata kama imeshika kutu. Asiyejua kuifungua asiiguse.

Aidha, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka anayemiliki bunduki au bastola awe na cheti, na si busara kudhani kwamba uzee wa silaha unamwondolea mtu wajibu huo. Mwenye kuiokota asiitie mfukoni na kuabiri matatu kuelekea kituoni. Aiache pale ilipo na kuwaita polisi waje. Maelezo haya yamfae katika kuandika anachokiona, na picha zilizopigwa vizuri zinatosha kwa kazi hiyo.

Bastola ya Webley, iliyoundwa mjini Birmingham, Uingereza, ndiyo mfano ufaao zaidi kwa sababu ndiyo iliyobebwa na maafisa wa himaya hiyo kwa miongo mingi. Jeshi la Uingereza lilipokea toleo la kwanza mwaka 1887. Toleo la nne lilifuata mwaka 1899, wakati wa vita vya Makaburu, la tano mwaka 1913 na la sita, Mark VI, mwaka 1915.

Zote zilitumia risasi ya kipenyo cha inchi .455, na silinda ilibeba risasi sita. Bastola hizi hukunjuka katikati: mtutu huinamia mbele na kipande kidogo kilicho katikati ya silinda husukuma nje maganda yote kwa mpigo mmoja.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Tazama mpini. Matoleo matano ya kwanza yana mpini uliopinda na kuchongoka kama mdomo wa ndege, ilhali mpini wa Mark VI umekatwa mraba upande wa chini. Mtutu wa Mark VI una urefu wa inchi sita. Ule wa matoleo yaliyotangulia kwa kawaida ni wa inchi nne. Nambari ya toleo nayo, kwa tarakimu za Kirumi, hupigwa juu ya silinda, kwenye ukanda wa chuma unaounganisha mtutu na mwili wa bastola.

Kwa bahati nzuri, Mark VI nyingi zilipigwa chapa ya mwaka kamili upande wa kushoto, karibu na jina la Webley. Zilizo na jina la Enfield zilitoka katika kiwanda cha serikali kilichoziunda kati ya 1921 na 1926.

Hapo ndipo hadithi za familia hupimwa. Bastola yenye mwaka 1917 haiwezi kuwa ilipigana Tanga mnamo Novemba 1914, hata kama mzee mzima aliapa hivyo. Inaweza, hata hivyo, kuwa ilishiriki miezi ya mwisho ya kumwandama Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyesalimu amri Novemba 1918.

Isitoshe, katika KAR bastola ilikuwa kwa kawaida silaha ya afisa, na maafisa wa vita vyote viwili walikuwa Wazungu. Askari Mwafrika alipewa bunduki. Kwa hivyo bastola iliyomo sandukuni ilipita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia babu, na hilo ndilo swali ambalo familia nyingi hulikwepa.

Ikiwa kipenyo ni cha inchi .38 badala ya .455, basi tumeingia enzi nyingine. Bastola ya Enfield ya kipenyo hicho ilipokewa jeshini mwaka 1932. Mwaka 1938 ilibadilishwa, nyundo yake ikaondolewa kile kidole cha kuivutia nyuma, kwa kuwa kilikuwa kikinasa ndani ya vifaru. Nyundo butu basi si ishara ya kuvunjika.

Kosa linalowapotosha wengi ni kuchukulia kila mwaka ulioandikwa kuwa mwaka wa kuundwa. Bastola maarufu ya Colt ya Marekani, iliyoanza kuundwa 1873, ilibeba tarehe za hataza za 1871, 1872 na 1875. Hizo ni tarehe za kusajiliwa kwa ubunifu, na ziliendelea kupigwa kwenye bastola zilizoundwa miaka mingi baadaye.

Pia kuna za kuiga. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walifyatua bastola tele za bei nafuu zilizofanana na za Webley. Hizo hutambulika kwa herufi ELG zilizozungushiwa duara la yai. Taji likiwa juu ya duara hilo, bastola ilikaguliwa mwaka 1893 au baadaye.

Nambari za mfululizo nazo zilinganishwe. Nambari ya mwili, ya mtutu na ya silinda zikitofautiana, bastola imeunganishwa kwa vipuri vya silaha mbalimbali, na tarehe ya kipande kimoja haisemi lolote kuhusu kingine. Ni kwa sababu hii kusugua kutu kwa msasa ni hasara kubwa: chapa hizo hazina kina, na zikifutika hazirudi.

Chapa ya mwisho ya kutafutwa ni mshale mdogo wenye mistari mitatu inayokutana kichwani. Huo ni mshale wa serikali ya Uingereza, kuonyesha mali yake. Mishale miwili ya aina hiyo ikiwa imeelekezana ncha kwa ncha, bastola iliondolewa rasmi jeshini na kuuzwa. Mshale ukiwa mmoja pekee, serikali haikuacha alama yoyote ya kuiachilia.